Nilikosa Dhambi ya Kushuhudia

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nitawarudisha haraka nilipowaacha. Haraka, kwa sababu aibu yangu nikiirudia mno naanza kuizoea.

Mimi ni fundi kufuli. Kibanda changu kina jiliwa moja la kubania chuma, tupa sita na ubao wa funguo mbovu ambazo roho hainipi kuzitupa. Nimelelewa kanisani. Sijawahi kulewa, sijawahi kupigana, na mwanamke niliyemtongoza maishani ni mmoja, ndiye niliyemwoa. Katika kanisa letu, maisha ya namna hiyo ni hasara tupu.

Kila Jumapili tuna kipindi cha ushuhuda. Mtu anapanda mbele, anaeleza alivyokuwa mwovu, halafu anaeleza alivyookolewa. Muuza magodoro alikuwa akilala mitaroni kwa ulevi. Dereva wa lori alikuwa na wake watatu katika miji mitatu, na kila mmoja akijua yuko peke yake. Watu wanalia, watu wanapiga makofi. Nilipopanda mimi nikasema, "Nimezaliwa katika nyumba ya wacha Mungu, na nimeendelea hivyo hivyo." Mama mmoja wa mstari wa pili akapiga mwayo mpaka nikamwona koo.

Basi nikatunga. Nikasema zamani kila aliyeniletea ufunguo nilikuwa namchongea mmoja na kujichongea wa pili. Nikasema nimeingia nyumba arobaini. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nikapewa kiti cha mbele, nikaalikwa na makanisa mengine, nikapata na jina: Jambazi Mstaafu. Mwalimu wa kwaya, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akawa ananipigia kinanda polepole nyuma ya kila sentensi ili machozi ya watu yasikauke.

Kitu kimoja sikukifikiria. Nani atampelekea ufunguo wa nyumba yake fundi aliyekiri kwa kipaza sauti kwamba ni mwizi wa funguo?

Wiki iliyopita niliwaacha pale kibandani. Sina mteja, nasugua kutu kwenye kufuli la zamani, mara akaingia mama mtu mzima, akapiga magoti juu ya vumbi la chuma, akanishika mikono yote miwili.

Alikuwa mama yake Kengele.

Kengele alikuwa mhudumu wa kanisa. Alifagia, alipiga kengele, alitunza stoo. Miaka miwili iliyopita spika mbili kubwa za kanisa zilitoweka humo stoo. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa shingoni mwa Kengele. Kikao kikamtenga: hapokei meza ya Bwana, haimbi, haombi kwa sauti, anakaa benchi la nyuma mpaka siku atakayosimama na kutubu.

Angetubu wiki ile ile, Jumapili iliyofuata angekuwa amesamehewa. Sisi ni wepisi wa kusamehe, mradi mtu akubali. Yeye akasema, "Sikuiba. Nitubu nini?" Na tangu siku hiyo anakuja kila Jumapili, amenyoa vizuri, shati limenyooka, anakaa nyuma peke yake.

"Mwanangu," mama yake akaniambia, "Mungu akuzidishie. Umemfungua mwanangu."

"Mama, inuka kwanza. Hapo chini pana vyuma."

"Siinuki mpaka nimalize. Lile kufuli la stoo, si ulilifunga wewe?"

"Nililifunga mimi."

"Na ufunguo wake ulichonga wewe?"

"Nilichonga mimi."

"Na ulisema mwenyewe, mbele ya kanisa zima, kila ulipochonga mmoja ulijichongea wa pili. Nilikuwa pale. Nililia."

Nikamtazama. Mwanamke yule alikuwa amekaa chini ya uongo wangu akautumia kwa akili kuliko nilivyoutumia mimi niliyeutunga.

"Mama, mimi sikuiba spika."

"Nani kasema uliiba? Labda ulimpa mtu ufunguo. Labda shetani alikutuma, si ndivyo ulivyosema, alikuwa anakutuma? Nimeshakwenda kwa mchungaji. Jumapili, baada ya ibada, utayasema hayo mbele ya watu, na mwanangu atarudishwa mezani."

"Lakini mama..."

"Moyo wangu siku hizi unapiga unavyotaka wenyewe. Daktari kanikataza hata ngazi. Nataka nimwone anapokea mkate na kikombe nikiwa bado na macho, basi. Sikuombi kingine."

Akainuka. Vumbi la chuma lilikuwa limemganda magotini, na hakulipangusa. Akaondoka akiniita mtumishi wa Mungu.

Nikabaki nimekasirika. Kweli nilikasirika, maana naonewa. Mimi sijawahi kumchongea mwizi ufunguo. Ukutani kwangu nimeandika kwa rangi nyekundu: HAPA HATUCHONGI KWA CHAPA YA SABUNI. Wenye nia mbaya ndivyo wanavyofanya: wanaazima ufunguo dakika moja, wanaubonyeza kwenye kipande cha sabuni, kisha wanamletea fundi ile sabuni. Sheria hiyo sijaivunja katika maisha yangu. Isipokuwa mara moja, kwa mtu wa nyumbani, na hiyo haihesabiki.

Alhamisi mchana nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta uani kwake, amepindua kiti cha kanisa juu chini, anakipaka gundi mguu.

"Mchungaji, nimekuja kutubu."

"Tena? Waachie na wenzako nafasi."

"Sikuwa mwizi. Nilitunga."

Aliendelea kupaka gundi. "Nyumba zote arobaini?"

"Zote."

"Hata ile ya hakimu? Uliyokula chakula chake chote, kisha ukamwoshea sahani?"

"Hata hiyo."

Akahema. "Nilikuwa naipenda sana hiyo," akasema.

Nikamweleza yote, jinsi ushuhuda wangu ulivyokuwa mkavu, jinsi yule mama alivyopiga mwayo. Nikamwambia nilikaa siku tatu kutafuta dhambi ya maana katika maisha yangu nikakosa.

Hapo aliweka brashi chini. "Ukakosa?"

"Kabisa."

"Ulikuwa unatafuta nini hasa?"

"Ulevi, wizi, uzinzi. Mambo kama hayo."

"Ulikuwa unatafuta zenye kelele. Sikiliza, wewe ni fundi. Mtu amekuletea kufuli halifunguki. Ufunguo mzima, kufuli linang'aa. Tatizo liko wapi?"

"Ndani. Mara nyingi springi imepinda."

"Mwenye kufuli anaiona?"

"Ataionaje? Mpaka ulifungue lenyewe."

"Basi hilo ndilo linalofundishwa na kanisa kuhusu binadamu, na ndilo nililowahubiria miaka kumi na moja mkiwa mnaangalia saa. Watu wakisikia dhambi ya asili wanadhani ni habari ya Adamu na tunda lake, yamekwisha. Ni habari yetu. Sote tumepinda ndani, na anayeimba sauti ya kwanza, na mimi mwenye kola hii. Kila mtu anajipenda kuliko Mungu wake na kuliko jirani yake, halafu anakipa kitu hicho jina zuri. Anakiita busara. Anakiita heshima. Anakiita undugu. Ulevi na wizi ni mlio tu wa springi iliyopinda, na kuna makufuli yamepinda yasitoe mlio wowote."

Sikuipenda hiyo hotuba. Nilikuwa nimekuja kusamehewa dhambi moja ndogo ya kutunga, sasa naongezewa mzigo wa ukoo mzima.

"Sasa kama sote ni wabovu, kanisa la nini?"

"Ndiyo maana lipo. Kama kungekuwa na benchi la wasio na dhambi, lingekaa tupu, tungelipasua kuni. Anayejua kwamba hawezi kujinyoosha mwenyewe, huyo neema inamfaa. Asiyejua, tunampigia makofi."

"Kwa hiyo Jumapili niseme nilidanganya."

"Useme kweli. Lakini kwanza rudi kibandani ukatafute tena, safari hii bila kelele." Akakigeuza kile kiti, akakibonyeza kuona kama mguu umeshika. "Lile kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo. Kengele namwamini sasa. Siku ile sikumwamini, na barua ya kumtenga niliisoma mimi kwa mdomo wangu. Hiyo ni yangu, naamka nayo kila siku. Wewe ya kwako unaijua."

Nilirudi kibandani nikakaa chini ya lile tangazo langu jekundu.

Wasomaji wangu, kuna kitu nimewaficha tangu nianze kuandika mfululizo huu. Naapa sikukusudia kuwaficha ninyi. Nilikuwa najificha mimi, ninyi mkanikuta huko huko nilikojificha.

Miaka miwili iliyopita shemeji yangu alikuja kibandani na nusu mche wa sabuni ya kufulia umefungwa kwenye karatasi. Akasema ni chapa ya ufunguo wa mlango wa mama mkwe, mama amesafiri, yeye anataka kuingia kumwagilia maua. Nikaifungua ile karatasi. Meno mawili mafupi, moja refu, kisha kijibonde. Fundi hasahau meno aliyoyachonga kwa mkono wake. Ule haukuwa ufunguo wa mlango wa mama mkwe. Ulikuwa wa stoo ya kanisa.

Nilijua. Nilijua kabla sijaiweka ile sabuni mezani.

Nikasema moyoni, huyu ni mwalimu wa kwaya, labda anataka nyaya za kinanda. Nikasema, huyu ni mkubwa wa mke wangu, nimuulize kama nani? Nikachonga. Nikamwambia amsalimie mama akirudi. Wiki haikuisha, spika zikatoweka.

Na katika kile kikao cha kumtenga Kengele, mchungaji alipouliza wanaoafiki wanyooshe mikono, nilinyoosha. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha.

Haya, sasa niambieni. Mtu ana kitu kama hicho ndani yake, halafu anakaa siku tatu kutafuta dhambi anakosa. Sikuwa nimesahau hata siku moja. Nilikuwa nimekiweka mahali ambapo hakinitazami usoni, na mahali hapo nikapaita undugu. Mchungaji alikuwa amelitaja jina lenyewe bila kujua. Au alijua, Mungu ndiye anayefahamu.

Jumamosi mchana nilimkuta mke wangu anapiga pasi joho lake la kwaya. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia, ya kuzungukazunguka. Sikufika nayo mbali.

"Mama yake Kengele kapita hapa," akasema bila kuinua macho. "Anasema kesho utamfungua mwanawe."

"Mke wangu, kuna jambo kuhusu kaka yako."

Akaisimamisha pasi. Akaenda kabatini, akaingiza mkono chini ya mashuka, akatoa kitu kimefungwa kwenye leso, akakiweka mbele yangu juu ya meza ya pasi. Nusu mche wa sabuni. Umekauka, umepasuka pembeni, lakini meno yanasomeka vizuri.

"Nilikikuta kwenye mfuko wa aproni yako siku ninafua, wiki ile ile ya spika, kimefungwa kwenye karatasi yenye mwandiko wa kaka," akasema. "Na siku hiyo nilikuwa nimeishiwa sabuni, kwa hiyo ujue nilijinyima."

"Miaka miwili yote umejua?"

"Nilijua unajua. Nikangoja useme. Wewe ukawa unasema habari za nyumba ya hakimu."

Nikauliza kwa nini yeye hakusema.

"Nisemeje? Yule ndiye aliyenisomesha. Alivaa viatu vya kuazima mpaka nikamaliza shule. Hana mke, hana mtoto, ana kwaya na kile kinanda. Ukimtaja kesho, kesho kutwa hana pa kusimama duniani."

"Spika alizipeleka wapi? Alikuwa na shida gani?"

"Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Si ndivyo tulivyo wote humu ndani? Hatuulizi."

Akaishika tena pasi. Aliipitisha kwenye mkono wa joho mara mbili, tatu, pale pale, mpaka nikaogopa litaungua.

"Mume wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Wewe si umeshaiba nyumba arobaini? Ongeza stoo moja. Sema ni wewe uliyeziiba. Watakusamehe hapo hapo, wanakupenda mno. Kengele atarudi mezani, mama yake atapona moyo, kaka atabaki na kinanda chake. Nani atakayeumia?"

Nataka mnielewe. Nilikuwa nimekwenda kwake niseme kweli, lakini kila nilipoligeuza wazo lile lilizidi kupendeza. Nitabeba kosa la mwingine ili wengine wawe huru. Mnajua nani mwingine aliyefanya hivyo. Jumapili asubuhi nilinyoa ndevu nikijitazama kwenye kioo kwa heshima kubwa, na nilijisikia karibu sana na mbinguni.

Mke wangu akavaa joho lake. Ile sabuni hakuirudisha kabatini. Aliitia mfukoni.

Ibada ikaisha na hakuna aliyetoka. Habari zilikuwa zimeenea. Mama yake Kengele alikaa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani, mkono kifuani. Kengele alikuwa kwenye benchi lake. Shemeji akaanza kupapasa kinanda kama kawaida yake, polepole, kwa sauti ya chini, nami nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Ameen!"

"Wapendwa, nyumba nilizowaambia zilikuwa arobaini. Sikuwaambia ya arobaini na moja. Ya arobaini na moja ni nyumba hii. Spika za kanisa, mwizi wake ni mimi."

Mngekuwepo! Dereva wa lori aliruka juu. Muuza magodoro alinikumbatia akinilowesha bega. Mama yake Kengele alilia kwa sauti, mikono juu, anamshukuru Mungu na ananiombea mimi. Kinanda kikapanda. Mtu mmoja tu hakupiga makofi, mchungaji, aliyekuwa anatazama sakafu.

Mzee wa kanisa akasimama akatangaza, "Mhudumu wetu na apite mbele, arudishwe mezani!"

Kengele akasimama. Lakini hakupita mbele.

"Fundi," akasema kutoka kule kule nyuma, "naomba nikuulize."

"Uliza, ndugu yangu. Nimekukosea sana."

"Zile spika tulizibeba watu wawili wakati wa kuziingiza, na tulitua njiani mara tatu. Wewe mgongo wako huo, hata mtungi wa gesi anakubebea mkeo. Ulizitoaje?"

Wengine wakacheka. "Shetani alinipa nguvu," nikasema.

"Ulipita nazo mlango gani?"

"Wa mbele."

"Wiki ile mlango wa mbele ulikuwa umezibwa na ngazi za wapaka rangi. Kanisa zima tulipita ubavuni."

Vicheko vikakatika. Watu wakaanza kutazamana, maana walikumbuka. Hata mimi nilikumbuka, nikiwa nimechelewa.

"Nyamaza, mwanangu!" mama yake akapiga kelele. "Umeshafunguliwa! Njoo mbele!"

"Mama, nisamehe. Nimekaa hapa miaka miwili kwa kukataa kutubu uongo. Nikitoka hapa kwa uongo wa mtu mwingine, nitakuwa nimekaa bure."

Yule mama aliishusha mikono yake. Sijawahi kuona mikono mizito namna ile, na mimi ndiye niliyekuwa nimeiinua. Nilijichukia pale mbele, bila mapambo yoyote.

Kengele alikuwa hajamaliza. "Na msidhani nasema hivi kwa kuwa mimi ni msafi. Huku nyuma nimewachukia ninyi kila Jumapili. Nilikuwa nikiwaangalia visogo, namkumbuka kila aliyenyoosha mkono siku ile. Fundi, wako ulikuwa wa kwanza. Nilikuombea upofu. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nimeitubu kwa mchungaji na bado inanirudia. Ya spika si yangu. Sasa na wewe sema ya kwako, ya kweli."

Akakaa.

Nilimtazama mke wangu katika safu ya kwaya. Alitikisa kichwa kidogo sana, kunikataza. Nilitazama mstari wa mbele, yale magoti yaliyopigwa kwenye vumbi la chuma.

"Sijaiba nyumba hata moja," nikasema.

"Hata ya hakimu?" akauliza muuza magodoro, kwa uchungu wa kweli.

"Hata ya hakimu. Wala spika sikuziiba. Nililetewa chapa ya ufunguo wa stoo kwenye sabuni. Nilizijua alama zake mara moja, kwa sababu ule ufunguo niliuchonga mwenyewe. Sikuuliza. Nikachonga wa pili, nikapokea asante. Halafu akatengwa mtu asiye na kosa, nami nikanyoosha mkono ili asije akatafutwa mwingine. Ndiyo hiyo. Sina nyingine kubwa kuliko hiyo."

Hakuna aliyesema ameen. Hakuna aliyelia. Ulikuwa ushuhuda wangu wa kwanza wa kweli na haukumsisimua mtu. Mama wa mstari wa pili alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Lakini mama yake Kengele alikuwa ameinua uso tena, safari hii bila kelele, ananitazama mimi.

Ndipo nilipogundua kwamba kinanda kilikuwa kimenyamaza. Sijui tangu saa ngapi.

"Ile sabuni," mchungaji akauliza taratibu, "nani alikuletea?"

Jina lilikuwa mdomoni. Kulitaja kungenitoa mimi kwenye macho ya watu, na nilitamani sana kutoka. Hiyo tamaa nayo niliijua sasa. Ilikuwa springi ile ile.

"Mchungaji, yangu nimeisema. Mwenye sabuni yumo humu. Namwomba asimame mwenyewe, kabla mimi sijamsimamisha. Maana nikifika benchi la nyuma na hajasimama, nitamtaja."

Nikashuka. Sikwenda kwenye kiti changu cha mbele. Nikaipita safu moja baada ya nyingine, watu wakivuta miguu nisiiguse, mpaka nikafika kwenye benchi la nyuma. Kengele hakunitazama. Alisogea, akasogea tena, mpaka bega lake likagusa ukuta.

Nafasi aliyoiacha ilikuwa ya watu watatu.

Nikakaa, nikageuka mbele. Mke wangu alikuwa ametoka kwenye safu ya kwaya na mkono wake ulikuwa mfukoni. Kiti cha kinanda kikakwaruza sakafu. Shemeji yangu alikuwa amesimama, kushoto kwake mlango wa ubavuni ulio wazi, mbele yake njia ndefu ya katikati inayokuja kwetu, na kanisa zima likageuza shingo kumwangalia anaweka wapi mguu.